Sura ya Saba: Anna Wawili

"Rudia," Sajenti Vaileth alisema.

Nurdin akavuta kiti karibu na komputa. Alishaonyesha mara mbili, na kila mara shati lake lilizidi kulowa mgongoni ingawa feni ilikuwa inampiga yeye peke yake. Steshenari yake iko Tegeta, ukishuka kutoka barabara ya Bagamoyo kama unaenda sokoni. Ni chumba kimoja chenye printa mbili, mashine ya kopi, na ukuta mzima wa picha za pasipoti za watu ambao hawakurudi kuzichukua.

"Hili faili la kwanza," akasema, "alilituma ndugu yao Benedikto kutoka Masasi. Ukoo wote wa Mzee Fransis kuanzia mababu. La pili ni la hapa Dar, alilitengeneza mtoto wa Mzee, Ferdinand. Mzee alipofariki wakataka ukoo mzima kwenye bango moja, la kutundika siku ya arobaini. Nikaambiwa niunganishe."

"Ukaunganisha."

"Nikaunganisha. Sasa ukiunganisha mafaili mawili, watu wanajirudia. Mzee Fransis anakuwa wawili, mkewe wawili, Ferdinand wawili. Kwa hiyo unaanza usafi. Programu inakuletea majina mawili inakuuliza, hawa ni mtu mmoja? Ukibonyeza ndiyo, inawafanya mmoja."

"Na Anna?"

"Na Anna akatokea wawili. Programu ikauliza, nikabonyeza. Ishu ni programu, afande. Mie nilikuwa na majina mia nne mbele yangu."

Vaileth alikuwa amekalia stuli ya wateja, daftari juu ya goti, anaangalia mikono ya Nurdin zaidi ya kioo cha komputa.

Siku tano nyuma, mwanamke wa miaka thelathini na saba aliingia kituoni na bango limekunjwa kwapani. Alilitandaza kaunta, akaweka kidole kwenye kisanduku kimoja. Kiliandikwa: Anna Fransis, amezaliwa 1983, amefariki 1986. "Afande," akasema, "huyu ni mimi." Askari wa zamu alicheka. Aliacha kucheka alipoonyeshwa karatasi ya pili, muhtasari wa kikao cha ukoo uliopelekwa mahakamani kufungua mirathi. Katibu wa kikao alinakili majina kutoka kwenye bango. Warithi wa Mzee Fransis walikuwa watatu: mjane wake Yuliana, Ferdinand, na Jesca aliyeolewa Songea. Anna hakuwemo. Nyumba ya Boko, ambako Anna anaishi vyumba vya uani na watoto wake wawili, na ambako alimuuguza baba yake miaka mitatu, ilishapata mnunuzi.

Pingamizi lake lingesikilizwa Jumatatu. Leo ilikuwa Ijumaa. Asipopata kitu cha kuonyesha kwamba orodha ile ilipikwa kwa makusudi, ataanza kutafuta chumba cha kupanga.

"Fungua nakala za zamani," Vaileth alisema.

"Za zamani?"

"Mtu wa kazi hii hahifadhi mara moja. Fungua."

Nurdin akafungua. Zilikuwa nne. Ya kwanza aliipa jina Ukoo. Ya pili, Ukoo mwisho. Ya tatu, Ukoo mwisho kabisa. Ya nne, Ukoo mwisho wa mwisho.

"Unamdanganya nani na haya majina?"

"Najidanganya mwenyewe, afande. Kila siku najua nimemaliza."

"Fungua ya tatu."

Kwenye ya tatu ukoo ulikuwa safi. Mzee Fransis mmoja, mkewe mmoja, Ferdinand mmoja. Chini yao Anna wawili walikaa bega kwa bega. Mmoja alikuwa na mwaka wa kufa. Mwingine alikuwa na picha, namba ya simu, na watoto wawili chini yake, Twaha na Raudha.

"Watu mia nne umeshawamaliza," Vaileth alisema. "Hawa umewaacha. Kwa nini?"

Nurdin akafuta uso kwa mkono wa shati.

"Programu ilikuuliza, ukasema siyo mtu mmoja. Ulijua ni wawili."

"Kwetu kila nyumba wamo hao," akasema polepole. "Mtoto anakufa, anayekuja nyuma yake anapewa jina lake. Mie mwenyewe kuna Nurdin alinitangulia. Programu haijui mambo hayo."

"Haijui. Wewe unajua. Sasa ya nne, umeihifadhi lini?"

"Jumamosi tarehe kumi na nne. Saa tisa kasorobo mchana."

"Nionyeshe ulivyofanya, kwenye kopi."

Akabonyeza. Kioo kikagawanyika pande mbili. Kushoto Anna aliyekufa, kulia Anna aliye hai, na katikati vijisanduku vya kuweka tiki, mtu achague abakize nini na atupe nini. Mwaka wa kuzaliwa, wa kushoto. Mwaka wa kufa, wa kushoto. Picha, hapana. Simu, hapana. Alipomaliza, mstari mwekundu ukatokea juu: mama amefariki kabla ya watoto kuzaliwa.

"Hapo ndipo programu inagoma," Vaileth alisema. "Kwenye bango haikugoma. Kwa nini?"

"Watoto walihamishwa."

"Wakapelekwa kwa nani?"

"Ferdinand."

"Ferdinand, mzee wa kanisa. Wanawe wanaitwa nani?"

"Deogratias. Agatha." Nurdin akasogeza mausi. "Twaha. Na Raudha."

"Padri akiliona bango hilo atamwita ofisini."

Nurdin alicheka kidogo, akaacha.

"Nani alikaa kwenye stuli hii siku hiyo?"

"Afande, usiniulize hivyo."

"Ferdinand?"

Mabega ya Nurdin yakashuka. Kidogo tu, kama mtu aliyetua ndoo. "Siwezi kusema ndiyo, siwezi kusema hapana."

Vaileth akaandika neno moja daftarini, akalifunga. Alichoandika, akimaanisha Ferdinand, ni: siye.

*

Kwenye ukuta wa nyumba ya Boko marehemu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu, NYUMBA HII HAIUZWI. Mtu alishapaka chokaa juu yake, lakini chokaa ilikuwa nyepesi, maneno yakawa yanasomeka.

Vaileth alipitia uani. Mjane alikuwa ndani ya jiko anachambua mchicha. Mtaa mzima unamwita Mama Ferdinand. Mlango wa jiko ulikuwa wa kujifunga wenyewe, umezuiwa kwa kipande cha mti mweusi. Mama Ferdinand alikisukuma kwa kisigino bila kukiangalia, mlango ukatulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Polisi tena."

"Nimekuja kwa Ferdinand."

"Yupo sebuleni. Anasubiri mtu wa kupima nyumba."

Ferdinand hakusimama. Alikuwa mtu mnene, amevaa fulana ya kwaya.

"Jumamosi tarehe kumi na nne mchana ulikuwa wapi?"

"Kazini. Wazo, kiwanda cha saruji, zamu ya mchana."

"Najua. Nimepita getini kwenu. Uliingia saa saba na robo, ukatoka saa nne usiku."

"Sasa kama unajua unaniuliza nini?"

"Nataka nikuone unavyosema kweli, ili nijue unavyosema uongo." Vaileth akakaa. "Bango uliliona kabla ya kusaini muhtasari?"

"Nililiona."

"Ukaona dada yako ameandikwa kafa."

"Niliona."

"Ukafanya nini?"

"Nilijua watarekebisha."

"Nani?"

"Wahusika."

"Wewe ni mwenyekiti wa kikao. Mhusika ni nani?"

Ferdinand akajikuna shingo. "Wazee walikuwa wameshakaa tangu asubuhi. Ubwabwa unapoa. Sie tukasaini."

"Ubwabwa alipika nani?"

Ferdinand akavuta fulana yake chini.

"Alipika nani?"

"Anna."

Vaileth akaandika. Aliandika bila haraka, herufi moja moja, mpaka Ferdinand akaanza kuangalia mlango.

"Mie sikumuua mtu kwenye karatasi," akasema. "Nilikuta kafa tayari. Kunyamaza siyo kosa."

"Na Twaha na Raudha, unajua kwenye bango ni wanao?"

"Nani?"

"Wako chini ya jina lako. Hukulisoma mpaka huko?"

Ferdinand aliinuka nusu kutoka kwenye kochi. "Watoto wa Anna na yule Suleiman? Mie nina wangu wawili nahangaika na ada, nani kanitwisha wale? Huo ujinga wa nani?"

Hasira yake ilikuwa ya kweli. Ilitoka haraka, kama alivyotaja zamu yake ya mchana.

Vaileth alishainuka. Pembeni ya kabati palikuwa na kinyago kirefu kinachomfika kifuani, cha gogo moja la mpingo. Mzee Fransis alikuwa mchongaji tangu alipotoka Masasi, na hiki alikichonga miaka na miaka bila kukiuza. Kilikuwa ukoo wake. Chini yeye na mkewe, juu yao watoto wamepandana. Kijana ameshika kitabu. Msichana na mtungi. Mapajani kwa mama, kitoto kimelala macho yamefumba.

"Huyu wa kitabu ni wewe?"

"Mimi. Na yule Jesca."

"Na huyu aliyelala?"

"Sijui. Mzee hakuwa anaeleza. Mie nimelelewa kwa bibi, kijiji kingine huko Masasi, ya kwa mama sikuambiwa, nimekuja huku nina miaka kumi na miwili, nikamkuta Anna anatembea."

"Nisaidie tukigeuze."

"Ni kizito hicho."

"Wewe si unafanya kazi kiwandani?"

Wakakigeuza. Upande uliokuwa unatazama ukuta ulikuwa na kovu la ukubwa wa ngumi mbili. Msumeno ulipita hapo, mtu asiyejua kukata mpingo, amekata akaacha akaanza upya. Kisha kovu lilipakwa kiwi ya viatu lifanane na mwili wote. Vaileth akasogeza pua. Kiwi ilikuwa bado inanuka. Juu ya kovu, vitoto viwili vilivyochongwa miaka ya karibuni, maana makali yake hayajalainika, vilikuwa vimenyoosha mikono chini kushika kitu ambacho hakipo tena.

Chini ya kovu palikuwa na mikono miwili ya mwanamke. Haikuwa na mwili, haikuwa na uso. Ilitoka ndani ya gogo hivi hivi, viganja juu, kama mtu anayepokea au anayetoa. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepinda kuelekea ndani.

Mchongaji kama yule hapindishi kidole kwa bahati mbaya. Vaileth akapiga picha tatu kwa simu. Kovu, vitoto, mikono.

"Kaniitie Anna," akamwambia Ferdinand. "Yuko gengeni kwake."

"Wa nini? Si umeshaona sijafanya?"

"Kaniitie."

Mama Ferdinand, peke yake, angekaa kimya mpaka Jumatatu ipite. Wazee wa namna yake wakiwa mbele ya polisi hushika tasbihi, husahau miaka, presha hupanda. Lakini mwenye chuki ya muda mrefu, ukimletea mtu wake, hawezi kujizuia. Vaileth alilijua hilo, akaenda jikoni kusubiri.

*

Anna alifika mikono inanuka vitunguu. Alikuwa mwembamba, mwenye pua ya baba yake. Akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Ferdinand alibaki uani.

"Umemaliza kuhesabu vinyago?" Mama Ferdinand alimuuliza Vaileth, macho kwenye mchicha.

"Nimemaliza mama. Kimoja hakipo."

"Mchwa."

"Mchwa hawali mpingo."

Mama Ferdinand akachuma jani bovu, akalitupa.

"Jumamosi ile ulienda kwa Nurdin," Vaileth alisema.

"Nilienda kupiga picha."

"Ulikaa kwenye stuli, Nurdin akakuonyesha Anna wawili."

"Kumbe kasema. Kijana mwenyewe nilimwapisha."

"Hajasema. Amekulinda mpaka shati limelowa. Waliokutaja ni wajukuu zako. Mtu mwenye tamaa ya nyumba angemfuta mama pamoja na watoto. Huyu alimfuta mama peke yake, watoto akawatafutia pa kukaa. Ferdinand hawataki hata kuwasikia. Nurdin si ndugu yao. Nani mwingine kwenye nyumba hii anawataka Twaha na Raudha, na hamtaki mama yao?"

Mama Ferdinand akaweka sinia chini. Akamtazama Anna kwa mara ya kwanza.

"Mwambie atoke."

"Hatoki."

"Basi akae, asikie. Mie sina cha kuficha kwa umri huu." Akafuta mikono kwenye kanga. "Anna wangu alikufa kwa surua. Masasi, mwaka themanini na sita. Fransis alikuwa huku Dar, anachongea Wazungu. Hakuja kuzika. Nilizika na mashemeji. Nimekaa mwaka na nusu, nikamfuata. Nafungua mlango nakuta kitoto kimelazwa kitandani, kimefungwa kwenye kanga niliyoiacha mimi. Kanga yangu, afande. Akaniambia tumpe jina la marehemu, labda tutapoa. Hakuniuliza. Aliniambia."

"Mama," Anna alisema.

"Na hivyo ndivyo ulivyofanya tangu uanze kusema. Mama, mama. Nikisema Anna, unaitika wewe. Nikiamka nimemwota, nikamwita, unakuja wewe na kikombe cha maji. Nikitaja jina kwenye misa ya marehemu, watu wananiuliza, si yuko hai? Kule Masasi msalaba umeliwa, kaburi hakuna anayelijua. Kwenye karatasi ya Ferdinand hakuwemo kabisa. Nikaliona lile la Benedikto. Yumo. Na mwaka wake wa kuzaliwa na mwaka wake wa kufa. Nurdin akaniuliza, niwaache wawili? Nikamwambia mmoja."

"Wawili wangekaa," Vaileth alisema. "Nafasi ilikuwepo."

"Najua. Alinieleza vizuri, na mie nilimwelewa vizuri."

Vaileth alikuwa anaandika. "Uliposema aandikwe kafa, huyu hapa ulijua yuko hai?"

"Nilimwacha nyumbani anakosha vyombo vyangu."

"Ni mtoto wa Mzee Fransis?"

"Wa Fransis. Hilo silikatai, pua hiyo unaiona."

"Kinyago ulikata wewe?"

"Siku tatu. Mkono uliota malengelenge."

Anna hakuwa analia. Alikuwa ameshika fremu ya mlango, anamtazama mama yake mdomo, kama mtu anayefuata maneno ya lugha aliyojifunza juzi.

"Nilikuwaga nakukosea nini?" akauliza.

"Hukunikosea. Uliitika."

Uani Ferdinand alikohoa. Vaileth akageuza ukurasa, akamsogezea Mama Ferdinand daftari na kalamu.

"Weka sahihi hapo chini."

Mama Ferdinand aliichukua kalamu, hakuandika. Akaigeuza geuza. Alipozungumza tena sauti ilikuwa laini, ya mtu anayenunua kitu sokoni.

"Anna. Jumatatu ukafute lile pingamizi lako. Ukifuta, nitakutajia jina la aliyekuzaa, na mahali anapoishi."

"Yuko hai?"

"Alikuja msibani mwezi wa pili. Ulimpa chai."

Nje mtu wa kupima nyumba alikuwa amefika, anaita hodi, na Ferdinand hakumjibu.

"Yupi?" Anna aliuliza. "Walikuwa wengi. Yupi?"

"Kafute kwanza. Na mie sisaini mpaka uniambie."

Anna akamgeukia Vaileth. Vaileth hakumpa uso wa huruma, maana hakuwa nao.

"Bila ukurasa huu huna kesi," akamwambia. "Ukiwa nao, orodha ile inaanguka, na nyumba haiuzwi bila wewe. Lakini Jumatatu utasomwa kwa sauti, wote, na la kitoto kwenye kanga. Wanao watalisikia mtaani kabla hujafika nyumbani. Na hilo jina mama hatalisema tena. Sahihi yake siitaki, ameyasema mbele ya mashahidi wawili, nitaandika amekataa kusaini. Nangoja neno lako tu."

Anna alitazama nyaya za uani. Sare mbili za shule zilikuwa zimeanikwa, ndogo na ndogo zaidi.

"Andika, afande," akasema.

Mama Ferdinand akarudisha kalamu juu ya daftari. Akavuta sinia, akaendelea na mchicha. "Basi nitakufa nalo," akasema. "Na haitachukua muda."

Vaileth alifunga daftari. Alipofika mlangoni akainama, akakiokota kile kipande cheusi kilichokuwa kinazuia mlango. Kilikuwa kimekwanguliwa na visigino, upande mmoja umekatwa na msumeno vibaya. Akakifuta kwa kidole gumba. Tope likatoka, ukaonekana uso wa msichana, shavu limebapa kwa kukanyagwa, pua ya Mzee Fransis. Akakitia kwenye bahasha ya kaki.

Mlango ukaanza kujifunga wenyewe taratibu.

"Sasa mlango nitauzuia na nini?" Mama Ferdinand aliuliza kutoka ndani.

*

Nurdin alipowaona wawili, Vaileth na Anna, alijua. Alifungua nakala ya tatu, ile ya Ukoo mwisho kabisa, akaanza kuandaa bango la kupeleka mahakamani. Anna wa Masasi akabaki na miaka yake mitatu, chini ya baba yake na mama yake. Anna wa Boko akarudishiwa picha, simu, Twaha na Raudha.

"Ila huyu," Nurdin alisema, "kwenye mama bado yupo Mama Ferdinand."

"Mtoe," Vaileth alisema.

"Sawa. Niandike nani?"

Anna alikuwa amesimama nyuma ya kiti. "Acha wazi."

Nurdin akaacha wazi. Programu ikachora yenyewe kisanduku pembeni ya Mzee Fransis, na mstari wa kumuunganisha naye, na mstari mwingine wa kushuka kwa Anna. Ndani ya kisanduku hapakuwa na kitu.

"Kinaweza kufichwa," Nurdin alisema haraka. "Kuna sehemu unabonyeza kinapotea."

"Kiache." Anna hakukiondolea macho. "Picha za msiba si ulipiga wewe?"

"Mimi. Ziko mia tatu na kitu."

"Fungua."

Vaileth akavuta stuli. Akatoa simu, akafungua picha ya kinyago, ile ya mikono, akaisimamisha chini ya kioo cha komputa. Nurdin alikuwa anapeleka moja baada ya nyingine. Jeneza. Kwaya. Wanaume na makoleo. Wanawake na masufuria. Anna aliangalia nyuso. Vaileth aliangalia mikono.

Picha ya mia na kumi na mbili ilikuwa ya chini ya turubai. Anna mwenyewe alikuwemo, ameinama na birika, anawamiminia akina mama waliokaa mkekani. Walikuwa tisa. Wanane walitazama vikombe vyao.

"Simama hapo," Vaileth alisema. "Kuza. Siyo uso. Mkono wa kushoto wa yule wa tisa, ulioshika kikombe."

Nurdin akakuza. Kidole kidogo kilikuwa kimepinda kuelekea ndani.

Vaileth alisogeza simu mpaka mikono miwili, wa mti na wa mtu, ikakaa sambamba. Nurdin akatazama, akatazama tena, akaondoa mkono kwenye mausi kana kwamba imemuunguza. Kisha, bila kuambiwa, akapandisha picha juu mpaka usoni. Mwanamke wa miaka sitini, kitambaa cheusi kichwani, anamtazama mtu anayemmiminia chai.

"Unamfahamu?" Vaileth aliuliza.

Anna akainama karibu na kioo.

"Huyu namkumbuka," akasema. "Aliniomba sukari."